Mama Kushoto Audai Mkasi Wake

Saa tatu asubuhi, kitambaa cha kijivu kimelala mezani na Mama Kushoto anakizunguka kama polisi aliyemnasa mtuhumiwa. Chaki mkononi, futi shingoni. Pembeni amesimama bintiye, mkasi kauficha nyuma ya mgongo.

"Chora kwanza, mama. Nikiridhika, nakupa."

Jina la Kushoto hakupewa na wazazi. Fundi cherehani huyu wa miaka sitini na mmoja alilipata mwaka jana, alipokata koti la bwana harusi likatoka na mikono miwili ya kushoto. Alisahau kukigeuza kitambaa. Mtaa mzima ulicheka, yeye hakucheka. Mama yake mzazi alianza kwa kusahau vitu vidogo, akaishia kuwauliza wanawe wao ni nani.

"Nikajua zamu yangu imefika," anasema.

Binti akamnyang'anya mkasi, akamwachia vifungo na pindo. Kipato cha duka kikashuka nusu. Lakini pia akamburura mama hadi zahanati.

Huko muuguzi alikuta presha iliyopanda, usingizi wa kudonoadonoa na sikio lililojaa nta. Akaeleza kwamba presha ikiachwa huumiza mishipa ya ubongo, na kwamba kusahau si lazima kuwe ugonjwa wa mamaye, wangemfuatilia. Alipewa dawa, akaambiwa atembee, alale, akae na watu, ajifunze kitu kipya.

Kisha akamuuliza binti hulala saa ngapi. Binti, mwenye miaka ishirini na tisa na simu isiyopumzika, akaangalia dari. Akaambiwa ubongo hausubiri uzee ndipo utunzwe, na mkono wake ukafungwa kipimo cha presha palepale.

"Alikuja kunisindikiza, akatoka na masharti mengi kuliko mimi," Mama anasema, akicheka hadi futi inaanguka.

Siku hizi anakuja kazini kwa miguu, analala mapema, na amejifunza koti la kike lenye kola pana, ambalo hakuwahi kulishona. Ndilo la leo. Akikosea, anarudi kwenye vifungo.

Anachora mkono wa kwanza. Anasita. Wateja wawili mlangoni wanaacha umbea. Kisha Mama anakigeuza kitambaa, taratibu, macho kamkazia bintiye, na kuchora wa pili.

Mkasi unatoka mafichoni.

"Kata, mama." Binti anamkabidhi.

Kitambaa kinalia kra, kra, na mikono inatoka, wa kulia na wa kushoto. Mlangoni ni vigelegele.

"Nataka nifike themanini nikikata mwenyewe," Mama anasema, mkasi kaushika kama kombe. "Na huyu, kuanzia leo usiku, simu yake nalala nayo mimi."