Setilaiti Yangu Sikukuu Mosi

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mifumo ya anga za juu kwa njia ya mtandao. Chuo kiko Ulaya, mimi niko kwetu Mpendae. Mtihani wa mwisho ulikuwa kuwaeleza walimu, kupitia kompyuta, setilaiti ndogo niliyoibuni ya kupiga picha mashamba ya mwani. Nikianguka, narudia mwaka.

Mwalimu wangu aliniuliza niko tayari siku gani, na Ramadhani ilikuwa inakaribia kwisha. Nikakokotoa njia ya mwezi, nikaona Jumatano jioni utaonekana, kwa hiyo Idi ni Alhamisi. Nikamjibu kwa maringo kwamba Ijumaa nitakuwa na nafasi. Mama aliposikia alicheka.

"Mwezi haujaandama, mwenzetu ushauahidi?"

Hesabu yangu ilikuwa sawa, ila Jumatano mawingu yalitanda. Habari ya mwezi haikuja kutoka popote, tukatangaziwa kukamilisha thelathini. Sikukuu mosi ikawa Ijumaa, siku ile ile ya mtihani. Nyumba nzima ilinicheka, nami nilikasirika kwelikweli, hata mawingu niliyanunia.

Ijumaa tulisali Idi, na kabla sijawasha kompyuta sebule ilishajaa mashangazi waliokuja kutupa mkono wa Idi. Chumbani mtandao haukamati, basi nikakaa hapo hapo katikati yao, na gauni langu jipya na hina mikononi. Mama akawaomba wanyamaze. Wakanyamaza, sahani za biriani mapajani, wakanitazama nikieleza kwa Kiingereza jinsi betri itakavyohimili setilaiti ikipita kwenye kivuli cha dunia. Mwalimu mmoja akanibana kwa maswali kuhusu hiyo betri, nikamjibu moja baada ya jingine, na ghafla nikaona raha, raha tupu.

Walimu walitoka kidogo kushauriana. Waliporudi, mkubwa wao aliniambia nimefaulu.

Mama hajui Kiingereza, lakini aliniona uso. Vigelegele vikalipuka sebule nzima, walimu wakashtuka kwenye kioo. Nikawaeleza kuwa ni ndugu zangu wanafurahi. Mama akajitanda kanga vizuri, akaja akakaa kando yangu, akawatazama kwa adabu.

"Ahsanteni kwa kunisomeshea mwanangu," aliwaambia. "Karibuni, chakula kipo."

Nikawatafsiria, huku nalia.