Mwinyihaji na Gari Bapa la Likoni

Kama ulivuka Likoni kati ya mwaka wa sitini na saba na themanini na tisa, na gari lako halikuacha bampa majini, basi mshukuru Mungu kwanza, kisha Mwinyihaji wa Mtongwe. Usiseme humjui. Ni yule mwembamba wa kofia ya viua, aliyesimama gatini suruali imekunjwa hadi magotini, akiwaamuru kwa kidole kimoja watu ambao nyumbani kwao hawaamriwi hata na mama zao. Meneja wa benki alitii. Padri alitii. Afisa mmoja wa polisi, tumbo lake likiwa limegusa usukani, alirudi nyuma hatua tano kwa sababu Mwinyihaji alitikisa kichwa tu.

Miaka ishirini na miwili alipandisha magari ya watu kwenye feri, na yeye mwenyewe hakuwa na hata baiskeli. Hilo halikumkera. Kilichomkera ni sufuria.

Mkewe, Mwanarehema, alizaliwa Kibokoni, kule Kisiwani, katika nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi. Siku alipochukuliwa kuja kuishi Mtongwe, mamake alisema mbele za watu kwamba binti yake amepata mume wa kumvusha maji kwa miguu pamoja na kuku. Na ikawa hivyo hivyo. Kila Idi Mwanarehema hupika biriani, akaifunga sufuria kwa leso, akajitwika, akavuka na umati kwenda kwa mamake. Na mumewe yupo pale pale gatini, anapanga magari ya wenzake, mke anampita ubavuni na sufuria kichwani kama hawajuani. Kuna wanaume wamehama mji kwa aibu ndogo kuliko hiyo. Mwinyihaji hakuhama. Aliapa. Alimwendea mama mkwe mwenyewe akamwapia kwamba, inshallah, kabla bibi huyo hajaondoka duniani atamwona bintiye akishuka mlangoni pake kutoka kwenye gari la mumewe. Mama mkwe akamwambia basi afanye upesi, maana jicho moja limekwisha ingia mtoto wa jicho, na la pili liko njiani.

Ndipo akatokea Mzungu wa majenereta. Huyu alikuwa fundi katika hoteli za pwani ya kusini, akivuka kila wiki, na kwa kuwa Mwinyihaji hakumkwaruzia gari hata siku moja, wakawa marafiki. Mwaka wa themanini na nane alipokuwa akirudi kwao alimwachia vitu viwili. Cha kwanza ni Volkswagen yake ya mgongo wa kobe, bodi imeoza kwa chumvi, lakini injini hai na chesisi nzima. Cha pili ni kitabu cha picha, na kitabu hicho ndicho kilichomharibia mtu maisha.

Kilikuwa kitabu cha magari ya mbio yanayouzwa vipande. Unaagiza, unaletewa bodi ya faiba ndani ya sanduku, unaivua Volkswagen yako nguo zake kuukuu, unaivisha zile mpya hapo hapo uani kwako, kuku wakitazama. Ukimaliza una gari lenye sura ya lile la matajiri wa Ulaya, na jirani anadhani umemwibia mfalme. Ndugu yake Mzungu ndiye aliyekuwa akiyauza. Kiinua mgongo cha Mwinyihaji, atakapostaafu, kingetosha sanduku moja na nauli yake ya meli. Moja. Hakuna kukosea na kuagiza jingine.

Basi akaanza kuchagua. Mtu huyu aliyemwoa mke kwa kumwona mara moja dirishani alichagua gari kwa miezi mitatu.

Kufikia mwezi wa pili yalikuwa yamebaki mawili. La ukurasa wa tisa lilikuwa gari la kizamani lenye matao juu ya magurudumu na taa kama macho ya chura. Alilipa jina la Babu. La ukurasa wa kumi na nne lilikuwa jekundu, refu, pana, limelala chini hata ukadhani limekanyagwa. Hilo alilipa jina la Nyenga, kwa yule samaki bapa anayejifukia mchangani. Mwalimu Florence, mzaliwa wa Frere Town aliyepanga chumba kwake, ndiye aliyemsomea Kiingereza. Alimsomea farasi wangapi, galoni ngapi, rangi ngapi. Mwinyihaji hakujali farasi. Aliuliza swali moja tu la kikazi: tumbo la gari liko juu ya ardhi kiasi gani?

Mwalimu akasoma. Babu, inchi nane. Nyenga, inchi nne.

Mwinyihaji akatazama mkono wake. Watu wa gati hawana inchi. Gari likiwa na shibiri chini ya tumbo, hupita Likoni mchana na usiku, kujaa na kupwa. Likiwa na ngumi tu, hilo ni la kurudishwa, mwenyewe awe nani. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine kipimo hicho. Babu alikuwa karibu na shibiri. Nyenga alikuwa ngumi.

Mtu mwingine angefunga kitabu akaandika tisa. Mwanarehema alimwambia hivyo hivyo, kwa upole, akichagua mchele: lenye kwenda juu ndilo lenye kwenda. Lakini Mwinyihaji alikwisha ona jambo baya katika picha ya Babu. Alilifananisha na gari la kupelekea watoto jando. Akamwona mama mkwe, na jicho lake moja lililobaki, akiinama juu ya roshani na kuuliza ni nani aliyemletea mkokoteni. Nyenga je? Nyenga hata kipofu angejua ni kitu cha fahari.

Na hapo ndipo ujuzi ulipomponza, kwani mjinga asingeweza kukosea vile. Mwinyihaji aliyajua maji. Idi ya kufungua Ramadhani huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Siku za bamvua maji hujaa jioni, mnamo saa kumi, yakajaa kweli kweli. Feri hupanda juu, na ulimi wake, lile bati la mbele linaloshushwa magari yapite, hulala sawa kama mkeka. Maji yakipwa ulimi huinama, na pale unapokutana na gati pana kifundo kama mgongo wa ngamia. Kwa hiyo, alijiambia, gari la ngumi moja halivuki siku zote, lakini Idi saa kumi litavuka. Na yeye alitaka nini zaidi ya Idi?

Hakutaka kubahatisha. Alimwendea rafiki yake Tsofa, fundi wa bodi aliyenyoosha magari yaliyogongwa karibu na soko la Likoni, akaazima mkokoteni, wakaupigilia ubao chini, inchi nne kutoka ardhini. Siku ya bamvua, saa kumi, mbele ya umati uliokuja kutazama wazimu, wakausukuma hadi kwenye feri. Ubao ukapita, nafasi ya kidole chini yake. Siku ya pili wakarudi saa tano, maji yamekupwa, na ubao ukavunjika vipande viwili. Mwinyihaji akacheka kwa furaha. Maji yalikuwa yamemtii, ya kujaa na ya kupwa.

Tsofa hakucheka. Aliokota vipande vya ubao, akavitazama.

"Mzee Mwinyi," alisema, "mkokoteni hauna springi."

"Ndiyo maana hautikisiki."

"Ndiyo maana hauketi. Gari hukaa chini ukilipandisha watu. Weka mke, weka mafuta, weka hiyo sufuria. Ngumi yako itakuwa kofi. Chukua la ukurasa wa tisa, nitakuungia bure."

"Na la kumi na nne utaniungia kwa ngapi?"

Tsofa akavitupa vile vipande. "Hilo pia bure," akasema. "Lakini sitakuwa gatini siku hiyo. Sina moyo."

Mwinyihaji akaandika kumi na nne. Alitaka Mwalimu Florence amwandikie barua, kisha akaogopa mwalimu angebadilisha tarakimu kwa huruma, akaiandika mwenyewe kwa herufi kubwa.

Sanduku lilifika mwaka uliofuata, Mwinyihaji alipokwisha staafu na kulilipia. Waliunga gari mwaka mzima kasoro, chini ya makuti, Tsofa akipiga msasa faiba mpaka akawa mweupe kama aliyefufuka, Mwanarehema akiwaletea chai na kulizunguka gari kama mtu anayezunguka shimo. Lilipokamilika, wallahi, lilikuwa zuri. Hata watu wa Mtongwe, ambao kusifu kitu cha jirani kwao ni kama kung'olewa jino, walikuja wakasimama kimya. Lilikwenda na kurudi Mtongwe na Likoni, likipiga kelele za Volkswagen chini ya sura ya chui. Habari zikavuka maji kabla yake. Kibokoni ujumbe ukaletwa: mama mkwe anauliza ni Idi hii au ijayo, maana jicho la pili sasa huona vivuli tu.

Ilikuwa Idi hii, ya mwaka wa tisini. Mwinyihaji alifika kwenye foleni saa nane, kanzu imepigwa pasi. Mwanarehema ubavuni, sufuria ya biriani mapajani, kwa kuwa Nyenga hakuwa na kiti cha nyuma. Foleni ya Idi mwaijua. Lakini alikwisha hesabu, na saa kumi na robo alikuwa wa kwanza, feri imetulia mbele yake, ulimi wake umelala kama mkeka. Aliyesimama gatini alikuwa Wafula, kijana wa Bungoma aliyefundishwa kazi na Mwinyihaji mwenyewe. Wafula alikuja mpaka dirishani, akainama sana ili amfikie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipande?"

"Mzee, kuna maiti nyuma yako. Wametoka Matuga, wanazika Kisiwani kabla ya magharibi."

Likoni maiti hangoji foleni. Halikuandikwa popote, lakini hakuna aliyeshika sharti hilo kwa ukali kama Mwinyihaji; aliwahi kuteremsha gari la diwani lililokwisha ingia, ili jeneza lipite. Alitazama maji. Alitazama kioo, akaona mabasi matatu na lori la watu wenye kanzu.

"Wapishe," akasema.

Mabasi matatu na lori yaliijaza feri. Feri nyingine ikaja imefurika watu wa Idi kutoka upande wa pili, na kushuka kwao kukachukua muda wa kupika wali. Mwinyihaji aliketi anatazama mstari wa unyevu ulioachwa na maji kwenye zege. Kwanza ulikuwa mstari. Kisha ukawa utepe. Mwanarehema aliona anachotazama. Alihamisha sufuria paja moja hadi jingine, kwani ilikuwa inapoa.

Zamu yake ilipofika ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Kifundo kilikwisha jitokeza.

Wafula alisimama mbele ya gari, akatazama chini ya tumbo lake, akamtazama mwalimu wake. Alijua. Mwinyihaji alijua kwamba amejua. Lakini kijana alikuwa na adabu, akamwita kwa mkono. Nyenga akateremka polepole, pua ikaingia juu ya ulimi, na katikati ya feri na nchi kavu ikasikika sauti ya kukwaruza ambayo abiria wote waliisikia kwenye meno. Gari likasimama. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure.

"Mzee wangu, labda abiria akishuka," alisema Wafula. "Litainuka kidogo."

Mwanarehema akashuka na sufuria yake. Gari likainuka upana wa ukucha. Mwinyihaji akakanyaga mafuta, faiba ikalia, kipande chekundu kikaruka majini kikaelea. Vijana kumi walikuja kusukuma, na mmoja akasema watasukuma mpaka liingie, likipasuka lipasuke. Wafula akawazuia. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mzungukoni mwa barabara, na kila mwenye honi alikuwa akiitumia.

Mwanarehema aliinama kwenye dirisha.

"Baba Kafedha," akasema, "mama yuko dirishani tangu saa kumi. Mimi nakwenda."

Mwinyihaji alitaka kumwambia Idi ijayo. Lakini aliukumbuka ule ujumbe wa vivuli, akaona haya kumdanganya mtu aliyekaa naye miaka yote hiyo.

"Nenda," akasema. "Mwambie…" Akanyoosha mkono dirishani, akakaza fundo la leso. "Nenda, biriani inapoa."

Akajitwika, akapita ubavuni mwa gari, akaingia kwenye umati wa miguu. Ilionekana sufuria kwa muda, leso ya njano, kisha haikuonekana. Vijana kumi wakamnyanyua Nyenga kwa bampa wakamrudisha nchi kavu, Wafula akainua mkono, ulimi ukapanda, feri ikaondoka na nafasi ya gari moja imebaki tupu.

Kupanda gati kwa nyuma si kazi ndogo, hasa kwa mtu asiyeona kitu isipokuwa mbingu. Walimsukuma polepole, naye ndani akikata usukani, kichwa nje ya dirisha, akiwaomba radhi waliokuwa kwenye foleni, gari baada ya gari, mpaka mzungukoni.