Mtutu Uliogoma Kutoka

Mzee wa kanisa letu alikuwa mtu mwema, na wema wake haukuwa na breki. Tulipofika Richfield, hapa Minnesota, kutoka kambi ya wakimbizi alituletea makochi, makoti ya baridi na friji iliyokoroma kuliko mume wangu. Vuli moja akaamua kwamba kilichobaki ni bunduki. Mwanamume anaishije Minnesota bila kuwinda kulungu? Alikuwa na ile ya marehemu baba yake, ya jeshini. Angeifunga mtutu mpya, halafu atuletee Jumapili ikiwa na utepe.

Mimi niliikimbia bunduki kutoka kwetu Uvira mpaka kambini, na kutoka kambini mpaka huku kwenye theluji. Sasa ilikuwa inanifuata na utepe. Niliogopa, wala sioni haya kusema. Lakini kwetu zawadi ya mzee haikataliwi.

"Ule mzee alitupatia mpaka frigo," mume wangu akalalamika. "Nitamuambia namna gani kama bunduki yake hatuitake?"

"Basi omba Mungu ile mtutu ya zamani isitoke."

Mungu, ambaye maombi yangu kuhusu baridi hajayajibu mpaka leo, hilo alilisikia mara moja. Jumamosi tulikwenda kwenye gereji ya mzee, Inver Grove Heights. Mtutu wa zamani, ulioliwa na kutu kwa ndani, alikuwa ameubana kwenye jiliwa la mezani, na mwili wa bunduki ameutia spana ndefu kama mwiko wa ugali wa harusi. Akavuta. Akamimina mafuta, akaupasha moto, akauita kwa majina ambayo kanisani hatujawahi kuyasikia. Mtutu haukusogea hata kidogo. Nikaanza kuupenda.

Ikafika zamu ya mume wangu. Alishika spana, akakunja uso, akaguna, akatokwa na jasho. Namjua vizuri: alikuwa anavuta kwa mdomo tu, si kwa mikono. Nusura nimpigie makofi.

Mzee akamgonga begani kwa huruma. "Usijali, rafiki. Kule kwenu hamkula nyama ya kutosha."

Mume wangu alikuwa fundi wa pampu Uvira. Fundi unaweza kumtukania ukoo akakusamehe, lakini usiguse kazi yake. Nikamkanyaga mguu. Nilikuwa nimechelewa.

"Lete msumeno," akasema.

Akaeleza kwamba mtutu umeng'ang'ania pale tu unapoukandamiza mwili wa bunduki. Ukikata mfereji mwembamba hapo, mkazo unaisha, na mtutu wenyewe si wa kutupwa? Akakata mwenyewe, taratibu, huku akipiga mluzi wa pambio. Kisha akaigusa spana, na mtutu ukazunguka kama kifuniko cha chupa. Wanaume wawili wakakumbatiana. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimevaa koti la msaada.

"Wiki ijayo tunafunga mpya," mzee akasema, "na bunduki ni yenu."

Akauweka mtutu mezani, tundu lake likaniangalia. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Mume wangu akaacha kucheka.

Nikanyoosha mikono yote miwili, kama tunavyopokea kwetu. "Mzee," nikasema kwa Kiingereza changu cha darasa la jioni, "naomba mtutu huu. Huu tu, uwe ndiyo zawadi yetu."

"Huu? Huu ni takataka!"

"Ndiyo. Uliokatwa unaweza kulala nyumba moja na watoto wangu. Bunduki nzima ilishaingia kwetu usiku mmoja, na asubuhi kaka yangu hakuamka."

Mzee akageukia meza. Akauchukua mtutu, akaufuta mafuta kwa fulana yake mwenyewe, polepole, kutoka mwanzo mpaka pale ulipokatwa. Kisha akanikabidhi kwa mikono miwili.