Mke wa Omena

Juzi jamaa zetu walikutana Kisian kumzungumzia kijana anayetaka kumwoa binti yangu. Swali la kwanza lilikuwa, "Anafanya kazi gani?" Nikasema anaendesha trela, Mombasa hadi Kampala. Wazee wakaguna, na shangazi akasema waziwazi kwamba ndoa za madereva hazidumu. Nilitoka nje kupunga hewa. Maneno kama hayo niliyasikia nikiwa darasa la sita, yakisemwa juu ya mama yangu.

Tulikaa Kisumu, kwenye ploti ya vyumba vilivyotazamana, bomba moja uani. Baba alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani ambapo kila mtu alimwona. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Jumatatu alipanda basi kwenda Usenge, akanunua omena kwa wavuvi, akazianika mchangani, na Alhamisi akarudi na magunia yake. Siku hiyo mimi nilichota maji na kuwasha jiko mapema. Mama alikaanga omena kwa nyanya na kitunguu mpaka ploti nzima ikanukia, huku akimsimulia Baba vituko vya mashuani, naye Baba akicheka hadi anasimamisha cherehani.

Lakini jirani wa mlango wa pili alikuwa na msemo wake: "Mwanamke wa samaki hakai kwa bwana." Alimtaja dada fulani wa ploti ya nyuma, aliyekuwa muuza samaki pia na sasa amerudishwa kwao. Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Dani, alisema vivyo hivyo kila alipotutembelea. Huko ufuoni, alisema, mwanamke hauziwi samaki mpaka awe na mvuvi wake. Baba hakujibu, alikanyaga cherehani tu. Nikadhani kimya chake kinamtetea Mama.

Halafu ikaja Alhamisi ambayo Mama hakurudi. Ijumaa pia hakurudi. Majirani waliacha kuniuliza habari za shule, wakaanza kuniangalia kwa huruma. Jumamosi asubuhi Dani aliingia na kikapu chake, hata hakukaa.

"Nilikuambia," alimwambia Baba kwa Kijaluo. "Sasa nenda ukajionee."

Baba alifunika cherehani. "Vaa viatu," akaniambia. "Nikienda peke yangu watasema nimeenda kupigana."

Tulipofika Usenge nililitazama ziwa nisilitambue: maji yote yalikuwa kijani, yamefunikwa na gugumaji, na mashua zimekwama ndani yake. Mama alikuwa mchangani na wanawake wenzake, leso kiunoni, akigeuza omena chache. Aliponiona alicheka. Alipomwona Baba nyuma yangu, kicheko kikakatika.

"Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hakuna."

"Basi mbona umekuja?"

"Leo ni Jumamosi, Mama," nikadakia mimi.

"Si unaona ziwa?" akamwambia Baba. "Mashua hazitoki. Nilimtuma kondakta akuambie."

Kondakta hakuwa ametuambia kitu. Baba hakulitazama ziwa. Aliwatazama wanaume waliokaa kando ya mashua, mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza, "Unalala wapi?"

Wanawake wote wakaacha kazi. Mama alijipangusa mikono polepole. "Njoo."

Alituongoza hadi nyumba ya mabati ya mama mzee aliyeuza chai. Ndani kulikuwa na mikeka imepangwa sambamba, mabegi ya wanawake yakiwa kichwani mwa kila mkeka. "Huu wangu," Mama alisema. "Kama huniamini, muulize mwenye nyumba."

Niliomba moyoni Baba asiulize. Akamgeukia yule mama mzee. "Huwa analala hapa kila siku?"

"Bwana, huyu si ni mke wako?" mzee akajibu. "Mbona unaniuliza mimi?"

Tulirudi Kisumu sote watatu, mimi katikati ya kiti. Mama alimpikia Dani, akamkaribisha vizuri. Kisha, akiwa bado anapakua, akamwambia Baba, "Watu wamesema miaka yote. Wewe sikukuweka pamoja nao."

Aliendelea na kazi, lakini vituko vya mashuani havikusimuliwa tena. Akichelewa, Baba aliuliza. Akiwahi, Baba aliuliza pia. Kabla mwaka haujaisha Mama alikodi chumba Usenge, nami nikawa namwona likizo tu. Ploti nzima ilikubaliana kwamba ni omena zilizovunja nyumba ile.

Baba alishakufa. Mwaka jana nilimuuliza Mama kama angebaki, lau angeacha kazi ile.

"Ningebaki," alisema. "Na ningemchukia."

Ploti ilibomolewa, pamejengwa ghorofa. Nilipita hapo mwezi jana, nikatafuta kwa macho mahali baraza lilipokuwa, sikupaona. Ni hapo walipokuwa wakicheka wale wawili, na mimi nikidhani kila nyumba inacheka hivyo.