Trela ya Nati Nne

Kheri Chirau aliletewa habari Jumatatu asubuhi, ufagio ukiwa bado mkononi. Griffin, msimamizi wa ujenzi aliyeletwa na mnunuzi mpya wa kiwanja, alimfuata hadi kwenye banda la boti, akamsalimu vizuri, kisha akasema alichotumwa.

"Mzee, ukuta wa upande wa bahari tunauanza Jumamosi. Hili lango linazibwa kabisa. Kama boti ni yako, itoke kabla."

"Ni yangu. Barua ya marehemu ninayo."

"Sijasema si yako. Nimesema itoke. Mimi pia nimetumwa tu, mzee, usinichukie."

Kheri alikuwa nahodha wa boti hiyo hapo Galu kwa miaka ishirini na sita, na mwajiri wake alipofariki alimwachia, pamoja na trela yake. Ilikuwa boti ya kioo. Katikati ya tumbo lake palikuwa na kidirisha cha kioo chenye urefu wa mikono miwili, na mgeni aliyeketi kwenye benchi aliinamisha kichwa akawaona samaki na matumbawe bila kulowa hata kidole. Kidirisha hicho ndicho kilichomsomesha Esha, bintiye, mpaka chuo. Boti nyingine za ufuo ule zilivutwa juu ya magogo. Hii haikuwahi kuguswa na gogo, kwa ajili ya kioo. Ilipanda kwa trela na kushuka kwa trela.

Trela yenyewe ilitoka Uingereza kabla Kheri hajaoa. Chasi bado ilikuwa nzima, ila magurudumu, yaliyotumbukizwa baharini miaka yote hiyo, yalikuwa yameliwa na chumvi. Alipoiminya rimu kwa kidole gumba, kipande kilimomonyoka kama biskuti iliyolowa. Akachukua rula na kupima: rimu ya inchi kumi, nati nne, na kutoka bolti moja hadi inayoielekea, milimita mia na moja na nusu. Akapima mara ya pili, kisha akaandika.

Jumatatu nzima na Jumanne alizunguka Ukunda kwa wauza vyuma chakavu. Mmoja aliisoma karatasi, akamwita mwenzake aje aione.

"Inchi kumi, nati nne. Mzee, hii ilikuwa inavuta safina ya Nuhu?"

"Ilikuwa inavuta boti."

"Basi mwulize Nuhu."

Wakacheka, na Kheri akacheka nao kidogo, kwa adabu. Msambweni hakupata kitu. Lakini huko fundi mmoja wa kuchomelea alimwambia kwamba Kikoneni kuna mkokoteni wa maji unaovutwa na punda, na magurudumu yake ni madogo ya kizamani. Jumatano akapanda bodaboda.

Aliuona kabla hajashuka. Mwenyewe alikuwa mwanamke aitwaye Chiku, aliyekuwa akipakia madumu kisimani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naomba nipime magurudumu yako."

"Kupima tu?"

"Kwanza kupima."

Akapiga magoti kwenye tope. Milimita mia na moja na nusu. Rimu zilikuwa nzima, zimepakwa rangi ya buluu, hazijawahi kuonja maji ya bahari. Alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji.

"Haya, sema," Chiku alisema. "Watu hawaji kutoka pwani kumpimia mtu mkokoteni bure."

Kheri akamweleza yote, boti, ukuta, Jumamosi. Chiku alisikiliza huku akiendelea kufunga kamba.

"Baba, nakuonea huruma, wallahi. Lakini nyumba kumi na nne zinaningoja na haya maji. Nikikupa magurudumu, nimfunge punda dumu shingoni?"

"Ungeniazima siku moja tu. Ijumaa."

"Na Ijumaa watu hawanywi?"

Chiku akampa maji kwenye kikombe cha plastiki; Kheri akanywa, akashukuru, akarudi Ukunda.

Alhamisi akaenda kwa Chande, fundi wa magari aliyemfahamu tangu ujana. Chande hakuitazama karatasi. "Nati nne ni nati nne, kaka Kheri. Vaa Probox." Pande zile, chochote kinachotembea huishia kuvaa magurudumu ya gari aina ya Probox, kuanzia trela za jenereta hadi vibanda vya chipsi, na Chande alikuwa nayo mawili ukutani.

"Ya Probox ni milimita mia kamili," Kheri alisema. "Yangu ni mia na moja na nusu."

"Milimita moja na nusu. Ukucha wako ni mnene kuliko hiyo."

"Bolti zitakaa upande."

"Nitapanua matundu kwa tupa. Una lingine?"

Kheri alikaa juu ya ndoo akamtazama Chande akipiga tupa. Alijua hayatashika, lakini Alhamisi ilikuwa imekwisha.

Ijumaa baada ya sala wakaja wanaume tisa kutoka Mwabungo, wakiongozwa na shemeji yake, Ramadhani. Ilikuwa siku ya mwisho ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Alasiri maji yangefika chini ya lango, na boti ingeelea hadi Mwabungo. Trela ikatoka bandani, ikavuka majani vizuri, na mtu akasema Chande ni fundi kweli. Kwenye kizingiti cha lango gurudumu la kushoto likainama. Bolti mbili zilikatika pamoja, na trela ikaketi chini, boti ikiwa nusu ndani na nusu nje.

Wakalala chini wakachungulia. Hakukuwa na gurudumu jingine la kufunga.

"Shemeji," Ramadhani alisema, "imebaki saa moja tu, kisha maji yanarudi. Tuweke magogo?"

Kheri alitazama maji, kisha akamtazama Griffin aliyesimama kando, simu mkononi. Akavua shati lake, akalikunja, akalilaza juu ya gogo la kwanza. Wengine walipoona hivyo wakavua yao.

"Vuteni," alisema.

Gogo la kwanza likapita. La pili likapita. Kwenye la tatu ulisikika mlio mdogo, kama sahani iliyoanguka chumba cha pili. Hakuna aliyesimama, maana boti haiachwi katikati ya lango. Waliivuta hadi mchangani. Wimbi la kwanza lilipoifikia, maji yakabubujika ndani, katikati ya mabenchi, wakalazimika kuivuta tena juu.

Ramadhani aliingiza kichwa, akapapasa ufa wa kioo kwa mkono.

"Itazibika, shemeji. Tutafunika hapa pote kwa faiba, itakuwa ngumu kuliko mwanzo."

"Itazibika," Kheri alisema. "Na mgeni ataangalia wapi?"