Mama Vyuma na Nusu Milimita

Wanamwita Mama Vyuma. Miaka ishirini na mbili anaosha, anapanga na kuchemsha kwa mvuke vifaa vya chumba cha upasuaji. Si daktari, na ole wako umkumbushe.

Mimi ni fundi cherehani. Binti yangu wa miaka saba alianguka kwenye ngazi, mfupa wa paja ukakatika. Siku sita amelala, mguu umevutwa kwa kamba na mzigo unaning'inia, ananililia, "Mama, lini?" Siku ya saba ndiyo angetiwa vyuma viwili vyembamba ndani ya mfupa. Mara nasikia makelele kwenye korido: Mama Vyuma kagoma kutoa vyuma!

Nilipandwa na hasira, nikamfuata huko huko kwenye chumba chake cha vifaa. "Wewe mama, mwanangu kakukosea nini?"

Alinitilia vyuma viwili mkononi, vilikuwa bado havijachemshwa. "Hebu vipinde."

Kimoja kilipinda kirahisi. Cha pili kilinigomea.

"Vinatakiwa unene mmoja," akasema. "Vikipishana, kinene kinamzidi nguvu mwenzake, mfupa unaunga umepinda. Daktari anasema nusu milimita si kitu. Cha kufanana nacho kipo hospitali nyingine, kinafika kesho. Hawataki kungoja."

Hasira zangu zikahamia kwa daktari. Alipokuja na karatasi ya ruhusa, alinikuta nimekaa mlangoni bega kwa bega na Mama Vyuma.

"Sisaini ng'o! Suruali nikiikosea naifumua. Mwanangu nitamfumua vipi?"

Kesho yake saa sita chuma kikafika, na mtoto akapasuliwa mchana huo huo. Mama Vyuma akaletewa barua: amezuia kazi, aombe radhi kwa maandishi, la sivyo anahamishiwa kufua mashuka.

"Nitaomba siku mtoto yule akichechemea," akasema.

Wakamhamisha kweli! Mwezi wa tano baada ya upasuaji, nikiwa na mtoto, nilimkuta kwenye mabeseni ya sabuni, vidole vimechubuka. Roho iliniuma. Nikamshika mkono, mtoto nikamshika kwa mkono wa pili, tukaenda moja kwa moja hadi ofisini kwa mkuu wa hospitali. Hatukubisha hodi. Nikatoa kamba ya kuruka mkobani.

"Ruka, mwanangu. Kwa mguu ule ule."

Akaruka. Mama Vyuma akahesabu kwa sauti, karani na wauguzi wakajaa mlangoni. Hesabu ilipofika hamsini mkuu akainua mkono.

"Basi, inatosha. Nimeelewa."

"Hamsini na moja," akasema Mama Vyuma.