Mwaka Niliomposa Binti wa Matombo

Posa yangu ilinigharimu majogoo wawili, doti ya khanga, sukari iliyoadimika madukani, na mwaka mzima wa kulima shamba la watu. Nimehesabu mara mbili.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa mchuuzi wa Morogoro mjini, najiona fundi wa kupatana bei. Masika nikaenda kijijini Matombo nikapanda mpunga wa baba wa binti, kiangazi nikavuna, tukala tukicheka. Kila nilipotaja ndoa, mzee alijibu, "Lima kwanza, baba, unalima vizuri."

Mwishowe nikambana. "Shikamoo mzee. Binti unanipa au hunipi?"

"Marahaba. Nikupe mimi?" Alishangaa kweli. "Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Anayeozesha ni mjomba."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Na majogoo wangu?"

"Walikuwa watamu, asante."

Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Binti alikuwa mlangoni, anacheka kuwashinda wote, na kwa kicheko kile ningelima mwaka mwingine. Nikamsogelea.

"Nishauri basi, mwenzangu. Huyo mjomba wako anapenda nini?"